Fundi wa Madaraja Aliyehesabu Moshi

 

Mtu anayesafiri kwa basi usiku wakati wa kiangazi, mwezi wa Agosti au Septemba, akapita Morogoro, ni nadra akose kuuona moto kwenye Milima ya Uluguru. Kwa mbali huonekana kama mkufu wa dhahabu uliotundikwa gizani. Abiria nao hawakosi la kubishania. Huyu atasema ni wakulima wanaosafisha mashamba, yule atasema ni wawindaji, na wa tatu atadai ni warina asali walioacha kaa linawaka. Mimi nimepata kuwa miongoni mwa abiria hao. Safari moja, mzee aliyeketi dirishani aliwanyamazisha wote kwa swali. Alisema: "Wanangu, mnabishana nani kawasha. Mimi nauliza, moshi wote huu unakwenda wapi?"

Konda akajibu, "Mzee, unapotea hewani." Watu wakacheka, safari ikaendelea.

Leo nataka kumjibu mzee yule, ingawa nimechelewa. Moshi haupotei hewani. Unakwenda mahali, unafanya kazi, na kazi yake ina hesabu. Mmoja wa watu wa kwanza kuipiga hesabu hiyo sawasawa alikuwa Mholanzi aliyeanza maisha ya kazi akiwa fundi mchundo wa madaraja, na ambaye hakupata kusomea kemia chuoni. Hata hivyo mwaka 1995 alipewa Tuzo ya Nobel, tena ya kemia. Jina lake ni Paul Crutzen. Alifariki tarehe 28 Januari 2021, akiwa na umri wa miaka 87. Maisha yake yana mengi ya kutufundisha sisi tunaopikia mkaa na kuchoma mbuga, na yana neno pia kwa kijana ambaye matokeo yake ya mtihani yamemwangusha.

Crutzen alizaliwa mjini Amsterdam tarehe 3 Desemba 1933. Baba yake alikuwa mhudumu wa mgahawa aliyekosa kazi mara kwa mara, na mama yake alifanya kazi katika jiko la hospitali. Alipoanza shule ya msingi vita vilikuwa vimekwisha kuingia. Majira ya baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, Uholanzi ya magharibi ilikumbwa na njaa ambayo Waholanzi wanaikumbuka mpaka leo. Watu zaidi ya 20,000 walikufa. Jeshi la Ujerumani lililichukua jengo la shule yake, wanafunzi wakawa wanahamishwa huku na huko, na baadhi ya wenzake darasani walikufa kwa njaa na maradhi. Mwanzoni mwa mwaka 1945 Msalaba Mwekundu wa Sweden ukapeleka chakula, na watoto wakatoka barabarani kupunga bendera. Hakujua mtoto yule kwamba nchi hiyo iliyompelekea chakula ndiyo itakayompa elimu.

Vita vilipokwisha alisoma sekondari na kumaliza mwaka 1951. Siku za mtihani wa mwisho akashikwa na homa kali. Alama zake hazikutosha kupata msaada wa kusoma chuo kikuu, na wazazi wake hawakuwa na uwezo wa kumlipia. Jambo hili mnalijua, wasikilizaji. Kila mwaka matokeo yanapotoka, ziko nyumba ambazo siku hiyo hapikwi. Baba ananyamaza, mama anapanga maneno ya kumfariji mtoto, na mtoto anajifungia chumbani akidhani dunia imekwisha.

Crutzen hakujifungia. Alikwenda chuo cha ufundi, akasomea ujenzi, na mwaka 1954 akaajiriwa katika ofisi ya madaraja ya jiji la Amsterdam. Ikaja zamu yake ya kutumikia jeshi, akaenda. Mwaka 1958 akamwoa Terttu, binti wa Kifini aliyekutana naye safarini Uswisi. Wakahamia Gävle, mji mdogo wa Sweden, naye akapata kazi katika ofisi ya ujenzi wa nyumba. Mshahara ulikuwapo na mke alikuwapo. Wengi wetu tungesema Mungu amejalia, tukatulia.

Lakini mwaka huo huo wa 1958 aliona tangazo gazetini. Idara ya hali ya hewa ya chuo kikuu cha Stockholm ilitafuta mtu wa kuandika programu za kompyuta. Kumbukeni hiyo ni miaka ya 1950. Kompyuta ilikuwa mashine ya kujaza chumba, na waliopata kuigusa walikuwa wachache Ulaya nzima. Crutzen mwenyewe hakuwa na hata chembe ya ujuzi huo. Akaomba hivyo hivyo. Walioomba walikuwa wengi, naye akachukuliwa. Mwezi Julai 1959 wakahamia Stockholm.

Hapa ndipo pa kusimama kidogo. Crutzen hakuingia chuo kikuu kwa mlango wa mbele, uliokwisha kufungwa. Aliingia kwa mlango wa watumishi. Mchana aliwaandikia wataalamu programu zao, na kwa kuwa alikuwa mtumishi wa chuo aliruhusiwa kuhudhuria masomo. Ilipofika mwaka 1963 akawa amepata shahada ya kwanza katika hisabati, takwimu na elimu ya hali ya hewa. Fizikia na kemia hakuzichukua, kwa sababu zilitaka saa nyingi za maabara na yeye alikuwa na kazi ya kufanya. Ndiyo maana nikasema hakusomea kemia chuoni. Aliyoijua aliisoma mwenyewe, vitabuni na katika hesabu zake.

Karibu na mwaka 1965 akapewa kazi ya kumsaidia mwanasayansi kutoka Marekani aliyekuwa akichunguza hewa ya ozoni iliyoko juu sana. Kazi ilikuwa ya mwingine, lakini swali likamnasa yeye. Ulipofika wakati wa kuchagua somo la shahada ya udaktari akachagua ozoni. Sababu yake inachekesha ukiijua hatima yake. Alitaka sayansi tupu, isiyohusiana na mambo ya wanadamu.

Ozoni ni nini? Ni oksijeni hiyo hiyo tunayovuta, ila badala ya chembe mbili kushikana, zimeshikana tatu. Nyingi iko kati ya kilometa 15 na 35 hivi juu ya vichwa vyetu. Ni haba mno. Lau ingeshushwa yote mpaka usawa wa ardhi, ingekuwa utando wenye unene wa milimita 3 tu. Lakini utando huo ndio unaozuia sehemu kubwa ya miale mikali ya jua isitufikie, miale inayoleta saratani ya ngozi, kuharibu macho na kudhuru mimea. Ndugu zetu wenye ulemavu wa ngozi, wanaochomwa na jua hili hata tukiwa na ozoni yote, wanaujua ukali wa miale hiyo kuliko mtaalamu yeyote.

Tangu mwaka 1930 mwanasayansi Mwingereza, Sydney Chapman, alikuwa ameeleza jinsi ozoni inavyotengenezwa na jua na jinsi inavyovunjika. Lakini hesabu yake ilipopigwa vizuri ilionyesha kuwa ozoni ingepaswa kuwa nyingi kuliko iliyopimwa. Mwenye duka anaelewa jambo hili. Ukihesabu mali iliyoingia na iliyouzwa, kisha rafuni ukakuta pungufu, basi kuna mkono. Mkono huo ulikuwa wa nani?

Mwaka 1970 Crutzen alitoa jibu. Ni gesi za naitrojeni. Bakteria wa udongoni hutoa gesi iitwayo oksidi ya naitrasi, ile ambayo madaktari huitumia kutia ganzi. Gesi hiyo hupanda polepole miaka mingi mpaka ikafika juu, na huko jua linapoivunja, sehemu yake hugeuka kuwa gesi nyingine inayoila ozoni. Ajabu yake ni kwamba gesi hiyo haiishi. Inafanya kazi kama dalali. Dalali huwakutanisha watu wawili, biashara ikafanyika, naye akaondoka mzima kutafuta wengine. Chembe moja ya gesi hiyo hunyang'anya ozoni oksijeni moja, huikabidhi kwa mwingine, kisha inarudi ilivyokuwa na kuanza upya. Kwa hiyo kitu kidogo sana kinaweza kuharibu kitu kikubwa sana. Bakteria wa shambani, asiyeonekana kwa macho, ana mkono wake katika hewa iliyo kilometa 30 juu.

Ugunduzi huo uliikata ndoto yake ya sayansi isiyogusa wanadamu. Maana swali lililofuata lilikuwa jepesi. Ikiwa gesi ndogo ya asili inaweza hayo, je, gesi tunazotengeneza wenyewe?

Mwaka 1974 Mario Molina, kijana kutoka Mexico, na mwalimu wake Sherwood Rowland, wakiwa chuo kikuu cha California, wakajibu. Waliandika kwamba gesi zilizotumika katika majokofu na makopo ya kupulizia marashi, zile zenye klorini, hazidhuriki huku chini. Hupanda juu zikiwa nzima, jua likazivunja, klorini ikatoka. Na klorini ni dalali mkali zaidi. Chembe yake moja yaweza kuharibu chembe za ozoni zipatazo laki moja kabla haijatulizwa. Wenye viwanda walikuja juu, wakasema hizo ni hesabu za makaratasi. Mabishano yakachukua zaidi ya miaka 10.

Kisha mwaka 1985 Waingereza watatu waliokuwa wakipima hewa ya Antaktika, Joseph Farman na wenzake, wakatangaza kwamba kila mwezi wa Oktoba ozoni ya huko ilikuwa ikipungua vibaya mno. Hata Molina na Rowland hawakuwa wametabiri upungufu wa namna ile. Mwaka uliofuata Crutzen na mwenzake Mjerumani, Frank Arnold, walisaidia kueleza sababu. Katika baridi kali ya huko hutokea mawingu yenye asidi ya naitrojeni, na juu ya mawingu hayo klorini iliyokuwa imetulia huamshwa. Jua la kwanza linapochomoza baada ya usiku mrefu wa majira ya baridi, uharibifu unaanza.

Dunia ilisikia. Tarehe 16 Septemba 1987 Mkataba wa Montreal ukatiwa saini. Na hapa, wasikilizaji, Afrika Mashariki imo. Aliyezisukuma nchi zikae meza moja alikuwa Mwafrika, Dakta Mostafa Tolba wa Misri, aliyekuwa akiliongoza Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa kutoka makao yake makuu Nairobi. Sekretarieti ya mkataba huo iko Nairobi mpaka leo. Nchi zote za dunia zimeuridhia. Nchi tajiri zilitakiwa kuanza kuacha gesi hizo mapema, zetu zikapewa muda zaidi na mfuko wa kuzisaidia, na mwaka 2010 ndio uliowekwa kuwa mwisho kwa nchi zinazoendelea. Mwaka 2016 nchi hizo zilikutana Kigali, Rwanda, zikakubaliana kupunguza pia gesi zilizochukua nafasi ya zile za kwanza. Hizi haziliharibu tabaka la ozoni, lakini zinahifadhi joto mno.

Matokeo yake? Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema mwanzoni mwa mwaka 2023 kwamba mambo yakiendelea hivi, ozoni itarudi ilivyokuwa mwaka 1980 ifikapo karibu mwaka 2040 kwa sehemu kubwa ya dunia, na karibu mwaka 2066 kule Antaktika. Mtoto anayezaliwa leo ataushuhudia uponaji huo akiwa mtu mzima. Si mara nyingi mzungumzaji wa redio anapata habari ya namna hiyo kuhusu mazingira, na sitaki kuipita haraka. Fundi wa mtaani anayetengeneza majokofu, asiyeiachia gesi ya zamani ipepee hovyo, amo katika kazi hiyo sawa na waliotia saini.

Lakini Crutzen alipopokea Nobel pamoja na Molina na Rowland mwaka 1995 hakujipiga kifua. Alisema tulikuwa na bahati tu. Wenye viwanda walichagua klorini. Lau wangechagua bromini, jambo lililowezekana, tundu la ozoni lingetokea kila mahali na majira yote, na huenda katika miaka ya 1970 tungelikuta tayari limetuzidi, kabla hatujajua hata pa kuanzia kulielewa. Hakuna aliyefikiria. Mwenye kuponea chupuchupu, ndugu zangu, hana haki ya kujisifu kwamba ni dereva hodari.

Sasa nirudi kwa mzee wangu wa kwenye basi.

Miaka ya 1970 Crutzen alifanya kazi katika mji wa Boulder, jimbo la Colorado, Marekani. Majira ya joto ya mwaka 1978 misitu ya jimbo hilo ilishika moto, naye na wenzake wakapata nafasi ya kukusanya hewa ndani ya moshi kwa ndege na kuipima. Mwaka 1979 wakachapisha matokeo. Walionyesha kwamba uchomaji wa misitu, mbuga, mabua na kuni unatia hewani gesi nyingi, miongoni mwake kabonimonoksaidi, kiasi kinachoweza kulinganishwa na kile cha viwanda na magari. Kisha wakaenda Brazili, na wakati wa kiangazi wakakuta hewa iliyo juu ya nchi za joto, tuliyodhani ni safi, imejaa gesi kama ya miji mikubwa. Kwa mara ya kwanza moto wa mkulima wa nchi za joto uliingia katika daftari la dunia.

Kabonimonoksaidi mnaijua, hata kama jina ni gumu. Ndiyo inayoua watu wa mikoa ya baridi wanaoingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga dirisha na kulala. Asubuhi majirani wanavunja mlango. Gesi hiyo hiyo, ikipanda na moshi wa mbuga, hukutana na jua ikasaidia kutengeneza ozoni huku chini. Na ozoni ya chini si rafiki. Huko juu ni mwavuli, huku chini ni sumu inayochoma mapafu na kupunguza mavuno. Basi hilo ndilo jibu, mzee wangu. Moshi wa Uluguru hauishii Uluguru.

Najua msikilizaji mmoja sasa hivi ananuna. Anasema, "Wametajirika kwa makaa ya mawe na mafuta, leo wanatuhesabia mabua." Neno hilo lina haki yake, na nisingependa kulifunika. Zaidi ya nusu ya eneo lote linaloungua duniani kila mwaka liko Afrika, hiyo ni kweli. Lakini hesabu ikipigwa vizuri inatutetea pia. Nyasi za mbuga zikiungua Agosti, hewa ukaa iliyotoka hurudishwa kwa sehemu kubwa nyasi zinapoota baada ya mvua. Makaa ya mawe na mafuta hayarudi ardhini kwa mvua ya masika. Kwa hiyo mwenye kuzivuruga hesabu hizi mbili na kuzifanya moja anamwonea mkulima.

Ila tusijifiche nyuma ya haki hiyo. Msitu uliokatwa ukawa mkaa haurudi mwaka unaofuata, na chemchemi iliyokuwa ikitoka chini yake hukauka. Uluguru ndiyo chanzo cha Mto Ruvu, na Ruvu ndiyo maji ya Dar es Salaam. Moshi wa jikoni nao haungoji mkutano wa kimataifa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 3.2 walikufa mwaka 2020 kwa maradhi yanayotokana na moshi wa ndani ya nyumba. Wengi wa wanaouvuta ni wale wanaotupikia. Serikali ya Tanzania mwaka 2024 ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Lengo ni zuri. Kipimo chake kitakuwa bei ya mtungi wa gesi siku ambayo baba hajalipwa mshahara, maana siku hiyo ndiyo mama anaporudi kwenye kopo la mkaa.

Crutzen aliuhesabu moshi wa aina nyingine pia. Mwaka 1982 jarida moja la Sweden lilimwomba aeleze vita vya nyuklia vingeifanya nini hewa. Yeye na John Birks walipokaa kupiga hesabu wakaona jambo ambalo majenerali hawakuliona. Miji na misitu ikiungua kwa pamoja, moshi ungezuia jua hata mchana ukawa kama magharibi, na mazao yakafa katika nchi ambazo hazikupigwa hata bomu moja. Aliyekuwa mtoto wakati wa njaa ya Amsterdam alijua maana ya sentensi hiyo. Nasi tunayo methali yetu ya tembo na nyasi.

Katika uzee wake aliongeza mambo mawili yanayobishaniwa hadi sasa. Mwaka 2000, katika mkutano uliofanyika Mexico, alichoshwa na wenzake waliokuwa wakiendelea kuitaja enzi ya sasa kwa jina la zamani. Akasema tumekwisha kuingia enzi nyingine, enzi ya binadamu. Jina hilo likaenea dunia nzima, ingawa mwaka 2024 wataalamu wa miamba walipiga kura kulikataa katika orodha yao rasmi.

La pili ni zito zaidi. Mwaka 2006 aliandika kwamba kwa kuwa wakubwa wanazungumza tu bila kupunguza hewa ukaa, yafaa kuchunguza njia ya dharura. Nayo ni kutawanya salfa juu kabisa ili kupunguza jua, kama volkano ya Pinatubo ya Ufilipino ilivyoipoza dunia kwa karibu nusu digrii baada ya kulipuka mwaka 1991. Yeye mwenyewe hakuipenda njia hiyo. Alisema afadhali isije ikahitajika kabisa. Lakini wazo likitoka halirudi. Serikali zilipokutana Nairobi mwaka 2019 na tena mwaka 2024 hazikuafikiana juu yake, na nchi za Afrika zimesimama kudai njia hiyo isitumike. Sioni kosa lao. Anayeshika pazia la jua ameshika pia mvua, na mkulima wa Singida hakuulizwa. Fundi aliyetengeneza kadi ya dharura hakukusudia iwe ruhusa ya kuendelea kuendesha gari bila breki.

Basi, wasikilizaji, nini tuchukue?

Kwa kijana aliyeanguka mtihani, sisemi kwamba kila aliyeanguka atapata Nobel. Huo ungekuwa ulaghai. Nasema tu kwamba mlango wa mbele ukifungwa, zunguka nyuma uone kama wa watumishi uko wazi. Na nawaambia wenye vyuo, acheni mlango huo wazi. Lau chuo cha Stockholm kingesema mfanyakazi wa kompyuta asikanyage darasani, dunia ingechelewa kulijua jambo lililoiokoa.

Kwa serikali zetu, nasema tujipimie wenyewe. Tangu mwaka 1996 Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ikishirikiana na Waswisi, imekuwa ikirusha puto kutoka Nairobi kupima ozoni mpaka juu kabisa. Kwenye Mlima Kenya kuna kituo cha kupima hewa, kiasi cha meta 3,678 kutoka usawa wa bahari, kilichoanza mwaka 1999. Vituo vya namna hiyo barani kwetu ni vichache mno, na vikiharibika kifaa kimoja hakuna anayepiga kelele bungeni. Tukumbuke kwamba Farman alilikuta lile tundu kwa sababu Waingereza walikuwa wamepima hewa mahali pale pale tangu miaka ya 1950, hata pale ambapo kazi hiyo ilionekana haina faida. Asiyepima hewa yake atasomewa hesabu yake na wengine, na atakuwa hana daftari la kubishia.

Na kwetu sisi abiria wa basi, neno la konda kwamba moshi unapotea hewani ndilo lile lile walilosema wenye viwanda vya majokofu. Wao walikuwa na maprofesa wa kuwatetea, konda alikuwa na kicheko chetu tu. Safari nyingine nikipita Morogoro usiku na mlima unawaka, nikamkuta mzee mwingine dirishani anauliza, sitacheka.